Maswali Yenu Kuhusu Nyuso za Marumaru za Roma

Sanamu nyingi za Kirumi hazina jina. Wataalamu hujuaje kwamba huyu ni Augustus, kaisari wa kwanza wa Roma, na si mwingine?

Huanzia kwenye sarafu, ambazo zina sura ya mtawala kwa upande mmoja wa uso pamoja na jina lake, kisha hutazama nywele kabla ya uso. Sanamu rasmi zilichongwa na mafundi wengi, katika majimbo mbalimbali, wakifuata kielelezo kimoja. Mashavu na kidevu vilitofautiana kwa fundi na fundi, lakini mpangilio wa nywele za mbele ulinakiliwa kwa uangalifu. Katika sanamu ya Augustus iliyofukuliwa Prima Porta, karibu na Roma, mwaka 1863, nywele za juu ya paji la uso zinaachana kama panda ya manati, na kando yake nyingine zinakutana kama ncha za koleo. Mpangilio huo ukionekana kwenye kichwa kingine, hata kilichovunjika pua, jina linakuwa limepatikana.

Je, pua si ushahidi?

Ni shahidi dhaifu, maana nyingi zilibandikwa na mafundi wa karne za karibuni. Mimi pua nzima mno ndiyo hunitia shaka.

Ni kweli kwamba sura moja iligeuzwa kuwa nyingine?

Ni kweli, na marumaru ilikuwa ghali. Baada ya kaisari Nero kufa mwaka 68, na kaisari Domitian kuuawa mwaka 96, baadhi ya vichwa vyao vilichongwa upya, vya kwanza vikawa vya Vespasian na vya pili vya Nerva, makaisari waliotawala baadaye. Zungukia nyuma ya sanamu: patasi ilipunguza uso, lakini masikio yaliachwa makubwa kupita kiasi, na kisogoni mara nyingine zimebaki nywele ndefu za Nero chini ya upara wa Vespasian.

Na raia wa kawaida?

Hao hupata tarehe zaidi kuliko jina. Mitindo ya nywele za wanawake husaidia, na mboni zilizochimbwa kwenye jicho huashiria kazi ya kuanzia takriban mwaka 130, enzi za Hadrian.

Kichwa kilichoopolewa mtoni Rhône, Arles, kusini mwa Ufaransa, mwaka 2007, ni cha Julius Caesar?

Waliokitoa walisema hivyo, wengine wakapinga. Sarafu za mwaka 44 kabla ya Kristo zinamwonyesha Caesar mwenye shingo nyembamba yenye mikunjo, na kichwa kilichopatikana Tusculum, karibu na Roma, ambacho sasa kiko Turin, Italia, kinalingana nazo vizuri zaidi. Ningekuwa mwandika kibao cha makumbusho, kile cha Arles ningekiwekea alama ya kuuliza.