Friji ya gesi imegoma Tiwi

SWALI: Salaam aleikum, mzee wangu. Nimegeuza matatu kuukuu kuwa gari la kulala, nikatia friji ndogo ya gesi ya mtumba. Nyumbani inapoza vyema. Mwezi uliopita tulikwenda Tiwi na watoto, tukaegesha kwenye mteremko karibu na ufuo. Siku mbili haikupoa, maziwa na samaki vikaharibika. Sasa na moto wake umekuwa wa manjano. Fundi mmoja ataka kuijaza gesi mpya kwa nyuma. Nikubali?
Baba wa watatu, Bamburi

JIBU: Waaleikum salaam, mwanangu. Usikubali. Friji hiyo haina kompresa wala mahali pa kujazia. Mabomba ya nyuma yamefungwa kiwandani yakiwa na amonia, maji na haidrojeni, na kinachoyaendesha ni ule moto mdogo tu. Amonia yachemka, yapanda juu, yapoa na kuwa majimaji, yashuka kwenye chumba cha barafu na kuvuta joto la humo, kisha maji yaifyonza na kuirudisha kwenye moto. Hakuna pampu, kurudi kwenyewe ni kwa kutiririka. Gari likilala upande, majimaji yatuama njiani. Mkiiacha iwake hivyo siku nyingi, bomba la kwenye moto laziba kwa ndani, na hapo hakuna fundi wa kuiponya.

Mimi nilianza kazi na friji za mafuta ya taa zilizokuwa zikihifadhi chanjo katika zahanati za mashambani. Ufanyaji kazi wake ni huo huo, na chombo cha kwanza mkobani kilikuwa pimamaji ya waashi. Nunua moja ndogo. Iweke ndani ya chumba cha barafu, si kwenye sakafu ya gari, uweke vipande vya mbao chini ya magurudumu hadi kipovu kitulie katikati.

Ule moto wa manjano ndio unaonitia hofu zaidi. Moto mzuri ni wa buluu, umetulia. Karibuni nilifungua friji kama yako, nikamulika tochi kwa kioo kidogo: vipande vya kutu vilivyodondoka kutoka dohani vimelala juu ya kichomeo kama majani ya chai, na buibui ametanda kwenye njia ya hewa. Funga mtungi, ngoja vipoe. Sugua kichomeo kwa mswaki mkavu, sugua na dohani, upulize vumbi lote. Kile kitundu kinachotoa gesi kifungue, ukiloweke kwenye spiriti, ukiache kikauke. Tafadhali usikichokoe kwa sindano wala waya! Kikipanuka hata kwa unywele, gesi yazidi hewa, masizi yajaa, na moshi wake una kaboni monoksidi, sumu isiyo na harufu, watoto nao wamelala humo humo. Ukishafunga, paka povu la sabuni kwenye viungo vyote; likitoa mapovu, gesi yavuja.

Matundu mawili ya ukutani, la chini la kuingiza hewa na la juu la kutoa joto, yasizibwe kwa nguo wala mabegi. Wakati wa kaskazi upande huo uuweke kivulini. Tena iwashe tangu jana yake, kwa umeme wa nyumbani kama inao, utie vitu vilivyokwisha poa. Ukiijazia soda za moto asubuhi ya safari, hata jioni hazitakuwa baridi.

Betri ya gari itumie injini ikiwa inanguruma tu, kwa maana friji hii hula umeme mwingi. Ukisikia harufu kali ya amonia, au ukaona unga wa manjano kwenye mabomba ya nyuma, zima, fungua milango, toa watoto nje. Hiyo imekwisha, usiiwashe tena.

Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, hujikusanya chini, kwa hiyo kabati la mtungi litoboe sakafuni, tundu litokee nje. Na kabla hujapanda feri ya Likoni, au kuingia kituo cha mafuta, funga kwenye mtungi wenyewe, si kwenye swichi ya friji.