Mwanangu, kuhusu skuli ya mjukuu wangu

Mwanangu,

Wa aleykum salaam. Barua yako nimeisoma mara mbili. Unauliza mjukuu wangu umtie darasa maalum la wenye ulemavu wa akili au akae na wenzake darasa la kawaida, na kama hiyo elimu maalum kweli itamfanya ajitegemee. Mimi nitakwambia habari ya bofulo, mkate ule aliokwenda kununua kaka yako.

Unakumbuka kaka yako alivyokuwa: miaka 16, na viatu namvisha mimi. Akiulizwa jina, najibu mimi. Niliona ndiyo huruma. Alipoingia kitengo cha wenye ulemavu wa akili, mwalimu wake hakunionyesha daftari, alinionyesha kiatu. Alifunga kamba yeye, akamwachia kaka yako kuvuta fundo la mwisho tu. Alipoliweza, akamwachia hatua mbili, kisha tatu, akirudi nyuma hivyo hivyo mpaka kiatu chote kikawa chake. Kwa hiyo kila siku alimaliza mwenyewe. Mtu hujifunza kwa kuachiwa, mwanangu.

Kwenye daladala wakafanya vile vile, kwa noti na sarafu za kweli. Safari za mwanzo mwalimu alikaa naye kiti kimoja, baadaye kiti cha nyuma, baadaye akawa anamngoja kituoni. Ikafika siku ya kwenda peke yake, Mtoni hadi Darajani, kununua bofulo. Niliambiwa nibaki nyumbani. Sikubaki. Nilijifunika uso, nikapanda gari lile lile, nikajibanza pembeni.

Aliposhuka, konda hakumpa chenji. Kaka yako akasimama pale mlangoni, kiganja wazi. Abiria wakaanza kunung'unika. Nilikwisha fungua mdomo nimsemee. Akasema, "Chenji yangu." Akarudia. Akapewa.

Nikashuka nyuma yake, akageuka. Alinijua kwa viatu. "Mama, mbona umenifuata?"

Mpaka leo neno lile linanichoma. Na furaha ya siku ile sijapata nyengine mfano wake.

Sasa, ni elimu maalum iliyomfikisha? Nasema ndiyo. Lakini hapana, ngoja: mpira, maamkizi na utani kajifunza kwa watoto wa mtaani, na darasani mwake hawakuwemo. Tena skuli ingefanya nini lau mimi ningeendelea kumvisha viatu? Hata hivyo, bila mwalimu aliyesomea kazi ile, nani angeniambia fundo huanzwa mwishoni? Kwenye ZAPDD, jumuiya yetu ya Zanzibar ya watu wenye ulemavu wa akili, iliyoanza 1999, wazazi tunabishana jambo hili hili mpaka chai inapoa. Mtu hujifunza kwa kuachiwa. Hilo silirudishi nyuma.

Ulimi unaniwasha nikuchagulie, lakini mtoto ni wako. Nenda ukakae siku nzima huku na huku, uangalie wakati wa kula nani anashika kijiko, yeye au mwengine.

Kaka yako anakusalimu. Kesho anakwenda sokoni. Nilitaka kumwandikia vitu vya kununua, amekataa karatasi.

Mama yako