"Awamu tofauti" na "tofauti ya awamu"

SWALI: Ninatafsiri mwongozo wa kufundishia mafundi wa mawasiliano ya kidijitali, nami nimekwama kwenye mbinu inayofupishwa DPSK (kwa Kiingereza "differential phase-shift keying"). Nimeiita "ufunguo wa uhamisho wa awamu tofauti", na maelezo yake nimeyaandika hivi: "Data hutumwa kwa awamu tofauti, na kipokezi hulinganisha kila awamu na awamu ya awali." Mwenzangu anasema awamu ni neno la miradi na malipo, hivyo niandike fezi. Nani yuko sahihi?

JIBU: Ndugu muulizaji, suala la awamu na fezi nitalifikia, ila kwanza tuliangalie neno tofauti na mahali ulipoliweka. Sentensi yako ni safi kisarufi, haina kosa hata moja. Tatizo ni kwamba imeeleza mbinu nyingine kabisa, na fundi atakayeisoma atajifunza kitu ambacho DPSK ilibuniwa ili kukikwepa.

Tuone kwanza mbinu yenyewe. Wimbi la redio hupanda na kushuka, mzunguko baada ya mzunguko. Likiachwa hivyo hivyo halisemi kitu. Ili libebe biti, yaani 0 au 1 za data, ni lazima tulibadilishe: ukubwa wake, masafa yake, au awamu yake. Awamu ni mahali wimbi lilipofikia katika mzunguko wake kwa wakati fulani, nayo hupimwa kwa nyuzi, mzunguko mzima ukiwa nyuzi 360. Katika PSK ya kawaida, ile isiyo na D mbele, kila awamu ina maana yake: nyuzi 0 ni biti 0, nyuzi 180 ni biti 1. Kwa hiyo kipokezi kinalazimika kujua sifuri ya kisambazi iko wapi. Hapo pana kazi. Wimbi limekwisha kusafiri na kuchelewa kwa kiasi kisichojulikana, na saketi inayojaribu kuikisia awamu ya wimbi bebaji inaweza kutulia kwenye nyuzi 0 au kwenye nyuzi 180, kwa kuwa kwake hali hizo mbili zinafanana. Ikitulia kwenye isiyo sahihi, kila 0 inasomwa 1 na kila 1 inasomwa 0.

Sisi tunaosema Kiswahili jambo hili tunaishi nalo kila siku. Itazame saa ya mishale, mkono mfupi ukiwa kwenye tarakimu ya saba. Kwa Kiswahili hiyo ni saa moja. Kwa anayehesabu kwa Kiingereza ni saba. Mkono ni ule ule, uso wa saa ni ule ule, lakini hesabu zetu zimepishana saa sita, na saa sita kwenye uso wa saa kumi na mbili ni nusu duara, yaani nyuzi 180 kamili. Tukiahidiana "saa nne" bila kukubaliana tunahesabu kuanzia wapi, mmoja wetu atasubiri bure. Nikikuambia "saa tatu baada ya kikao kilichotangulia", tutakutana. Mwanzo wa hesabu zetu umepishana, ila umbali kati ya kikao na kikao ni mmoja kwetu sote. DPSK inafanya hivyo hasa: ujumbe hauwekwi kwenye awamu yenyewe, unawekwa kwenye umbali kati ya awamu moja na ile iliyo nyuma yake.

Tuandike mfano. Tukubaliane kwamba biti 1 inageuza awamu kwa nyuzi 180, na biti 0 inaiacha ilivyo. Tunataka kutuma 1 0 1 1 0. Kwanza tunatanguliza alama moja (kipande cha wimbi chenye awamu moja) isiyo na ujumbe, ya kuanzia kulinganisha tu, kwenye nyuzi 0. Biti 1 inageuza: 180. Biti 0 inaacha: 180. Biti 1 inageuza: 0. Biti 1 inageuza tena: 180. Biti 0 inaacha: 180. Hewani zinakwenda 0, 180, 180, 0, 180, 180. Sasa chukulia kipokezi kimepotoka kwa nyuzi 40, kikaona 40, 220, 220, 40, 220, 220. Kinauliza kila hatua: imegeuka au haijageuka? Imegeuka, haijageuka, imegeuka, imegeuka, haijageuka. 1 0 1 1 0. Weka upotovu wowote unaoupenda badala ya 40. Ili mradi haubadilibadiliki kwa kasi kati ya alama na alama, jibu halitikisiki. Kwenye saketi kazi hii ni nyepesi: wimbi lililopokewa linacheleweshwa kwa muda wa alama moja, kisha linazidishwa na lile linaloingia sasa. Yakilingana, jibu la kuzidisha ni chanya. Yakipingana, ni hasi.

Rudi sasa kwenye maneno yako. Katika Kiswahili tofauti ni nomino, na papo hapo ni kivumishi kisichochukua kiambishi cha upatanisho. Hakuna herufi ya kutuonyesha lipi ni lipi. Tunategemea mpangilio peke yake. Watu tofauti ni watu wa namna mbalimbali, tofauti ya watu ni kile kinachowatenga. Vivyo hivyo, awamu tofauti ni awamu mbalimbali, na kutumia awamu mbalimbali ndiyo PSK ya kawaida. Tofauti ya awamu ni pengo lililopo kati ya awamu mbili, na hilo ndilo linalobeba ujumbe katika DPSK. Maneno mawili yamebadilishana nafasi, na mbinu imebadilika.

Kuna ubaya wa pili umejificha humo humo, na hapa mwenzako ana hoja. "Data hutumwa kwa awamu tofauti", akiisoma mtu asiyejua uhandisi, atafikiria malipo yanayotolewa kwa awamu: kiasi leo, kiasi mwezi ujao. Ataelewa kwamba data inakatwa mafungu. Dawa yake ni ndogo. Mara ya kwanza andika awamu ya wimbi, eleza kwamba ni nafasi katika mzunguko, kisha endelea na awamu peke yake. Fezi silipingi, ni neno hai karakana nzima ya umeme, lakini nalo lina mzigo wake: fundi akisema "waya wa fezi" anakusudia ule wenye umeme, na nafasi katika mzunguko haimo akilini mwake. Kwa mwongozo wa mawasiliano mimi nachagua awamu.

Sasa awali. Neno hili linanitia wasiwasi kuliko yote uliyoandika, kwa sababu hakuna atakayeligundua. "Awamu ya awali" inaweza kuwa ile iliyopita, na inaweza kuwa ile ya mwanzo kabisa. Kipokezi cha DPSK hakirudi mwanzo. Kinalinganisha alama na jirani yake wa nyuma tu, na yule jirani akishatumika anaachwa. Kingekuwa kinalinganisha na ya kwanza daima, upotovu mdogo mdogo wa masafa ungekusanyika alama baada ya alama hadi ulinganisho ukose maana. Andika iliyotangulia, au hata iliyoitangulia moja kwa moja. Urefu huo unastahili.

Na neno iliyotangulia linakusaidia kueleza gharama ya mbinu. Rudi kwenye mfano wetu, kelele zikiharibu alama moja: ile 0 ya katikati isomwe 180. Kipokezi kitaona 0, 180, 180, 180, 180, 180, na kitaandika 1 0 0 0 0. Alama imeharibika moja, biti zimekosewa mbili, kwa kuwa kila alama inahukumiwa kwanza, halafu inakuwa kipimo cha kuhukumia inayofuata. Tena kipimo hicho nacho kimetoka hewani kikiwa na kelele zake. Ndiyo maana DPSK ya awamu mbili inahitaji nguvu kidogo zaidi kuliko PSK ya awamu mbili inayoijua sifuri yake: chini kidogo ya desibeli 1 (kipimo cha uwiano wa nguvu) pale makosa yanapokuwa machache. Ikiwa na awamu nne, inayopeleka biti mbili kwa kila alama, pengo linafika karibu desibeli 2.3. Wabunifu wengi wameikubali gharama hiyo ili kipokezi kiwe chepesi. Kiwango cha kwanza cha Wi-Fi, cha mwaka 1997, kilitumia DPSK ya awamu mbili kwa megabiti 1 kwa sekunde na ya awamu nne kwa megabiti 2. Bluetooth iliichukua pia ilipoongeza kasi hadi megabiti 2 na 3.

Limebaki ufunguo. Kiingereza kilirithi neno hilo kutoka enzi za telegrafu: mtu alibonyeza kitufe, umeme ukapita, akakiachia, ukakatika, hivyo alama za Morse zikasafiri. Baadaye kila namna ya kurusha wimbi ghafla kutoka hali moja hadi nyingine ikaitwa kwa jina la kitufe kile. Kwetu historia hiyo haimo ndani ya neno ufunguo. Ufunguo wetu ni wa mlango, na siku hizi ni wa usimbaji fiche, kwa hiyo msomaji wako atadhani unazungumzia usalama wa data. Tumia usimbaji, maana kusimba ni kuupa ujumbe umbo la alama. Ni pale unapoongeza fiche ndipo siri inapoingia. Nawe usibandike tofautishi kwenye awamu, kama nilivyoona wengine wakifanya. Kitofautishi hutofautisha, awamu haitofautishi chochote, ndiyo inayotofautishwa. Ukitaka kivumishi cha namna hiyo kiegemeze kwenye usimbaji, na hapo hata linganishi litakaa vizuri.

Mimi ningeandika: "Usimbaji kwa tofauti ya awamu (DPSK) hupeleka kila biti, au kundi la biti, kama badiliko la awamu ya wimbi kutoka alama moja hadi nyingine. Kipokezi hulinganisha awamu ya kila alama na ya alama iliyoitangulia, na husoma ujumbe kutokana na tofauti iliyopo kati ya awamu hizo mbili."