Milioni 21 za kwenye karatasi si pensheni yako

SWALI: Shikamoo dada. Mimi ni mtunza stoo kiwandani hapa Morogoro, natimiza miaka 60 mwakani. Nilianza kazi Januari 2005 na sijaacha hata mwezi mmoja. Nimechukua taarifa ya michango NSSF, inaishia Juni 2025: miezi 232, jumla shilingi 21,400,000. Mshahara wangu wa miaka hii ya karibuni ni kama 750,000. Waliostaafu kabla yangu wananiambia nitegemee mkupuo wa milioni 15 na ushee. Hizo nyingine zinakwenda wapi? Naona kama nimeibiwa, na nilishapanga kununua bajaji.
*Mtunza stoo, Morogoro*

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Hasira yako naielewa. Nilikaa dirisha la mishahara miaka 26, na wengi waliokuja kuniaga walikuwa na swali hilohilo na karatasi kama yako mkononi.

Ile jumla ni kumbukumbu ya fedha zilizoingia, asilimia 10 yako na 10 ya mwajiri. Pensheni haihesabiwi kutoka hapo. Inahesabiwa kwa miezi uliyochangia, na kwa wastani wa mshahara wa mwaka katika miaka mitatu uliyolipwa vizuri zaidi ndani ya kumi ya mwisho. Chukua kalamu tuhesabu kama vile unastaafu leo.

Laki saba na nusu mara 12 ni milioni 9. Zidisha kwa miezi 232, gawanya kwa 580, unapata 3,600,000. Hiyo ndiyo pensheni yako kamili ya mwaka, yaani laki tatu kwa mwezi. Asilimia 35 yake unaichukua mapema: 1,260,000 mara 12.5, ni 15,750,000. Ndio mkupuo walioutaja wenzako. Asilimia 65 iliyobaki, yaani 195,000, inaingia benki kila mwezi mpaka siku unayoondoka duniani.

Sasa jumlisha mkupuo na pensheni ya miezi 29. Inafika 21,405,000. Kuanzia mwezi wa 30 unalipwa fedha ambazo hazimo kabisa kwenye karatasi yako, na ukijaliwa kufika miaka 80 utaendelea kulipwa.

Kelele za kikokotoo, yaani kanuni hii ya kukokotoa mafao, nazijua. Mwaka 2018 zilikuwa kubwa mpaka Rais Magufuli akasimamisha kanuni mpya. Julai 2022 ukaja mkupuo wa asilimia 33, na mwaka 2024 sisi wa NSSF tukapandishiwa hadi 35. Mimi ningependa ipande tena, maana mwenye nyumba isiyoezekwa haezeki kwa laki mbili za mwezi. Lakini hapo kwenye kikokotoo sioni wizi.

Kinachoniuma kiko kwingine katika barua yako. Kutoka Januari 2005 hadi Juni 2025 ni miezi 246, nawe umeandika 232. Miezi 14 iko wapi?

Mshahara wako ulikatwa, sina shaka. Ila michango haikuonekana NSSF. Kwa hesabu yetu ya juu, miezi 14 ni kama 950,000 ya mkupuo na zaidi ya 11,700 kila mwezi, maisha yako yote. Hapo ndipo pa kukasirikia.

Yalinikuta na mimi. Niliandika makato kwa mkono wangu mwenyewe kila mwezi, lakini nilipostaafu nikakuta miezi 9 haipo, ya mwaka ambao ofisi yetu ilikuwa ikihama. Kilichoniokoa ni kopo la maziwa ya unga. Humo nilikuwa nakunjia slipu zangu za mshahara, kila mwaka nimeufunga kwa mpira wake. Zilikuwa zimeanza kugeuka njano na wino umefifia, lakini tarakimu za makato zilisomeka. Nilizipanga mezani pale NSSF, slipu moja kwa kila mwezi uliokosekana. Ilichukua miezi mitano, yote ikarudi.

Kwa hiyo kaa na taarifa yako, upitishe kidole mwezi kwa mwezi, uweke alama kila palipo na pengo. Tafuta slipu za miezi hiyo. Ukikosa, omba kumbukumbu zake kwa mhasibu wenu, na uombe kwa barua ili ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Nakala nyingine ipeleke NSSF. Deni hilo ni la mwajiri, pamoja na adhabu ya kuchelewesha. Wewe usikubali kuambiwa ulipe tena. Angalia pia mshahara ulioandikwa kwenye taarifa ya miaka ya mwisho. Ukiwa chini ya ule unaolipwa, wastani wako wote unashuka nao.

Fanya haya sasa, ukiwa bado unaingia getini kila asubuhi na mhasibu hawezi kukukwepa. Mambo ya bajaji yasubiri kidogo. Ukishaipata miezi yenyewe, niandikie ni ya mwaka gani.