Vipimo ni safi, lakini mwili bado unauma

Ndugu yangu, umeuliza ufanye nini baada ya miezi mingi ya uchovu, ganzi ya mikono na maumivu ya viungo, ilhali kila kipimo kinarudi safi na umeambiwa kuwa ni mawazo tu. Maumivu yako ni ya kweli. Kipimo huonyesha kile tu kilichotafutwa.

Weka daftari la dalili: zinaanza saa ngapi, ulikuwa ukifanya nini, ulilala vipi, ulitumia dawa gani, zikiwemo za mitishamba. Ukimwambia daktari kwamba ganzi hukuamsha usiku, hushika kidole gumba na vidole viwili vinavyofuata, na hupungua ukikung'uta mkono, atafikiria mshipa wa fahamu uliobanwa kwenye kifundo cha mkono. Ukisema tu kwamba mikono inasumbua, hana pa kuanzia.

Omba nakala za majibu yote, kisha uliza iwapo tezi ya shingo, sukari, vitamini B12 na akiba ya madini ya chuma vimekwisha kupimwa, kwa kuwa akiba hiyo inaweza kupungua huku kiwango cha damu kikiwa bado cha kawaida. Ukiulizwa kuhusu usingizi au huzuni, tafadhali jibu kwa uwazi, maana daktari makini huchunguza mwili na mawazo kwa pamoja.

Hata hivyo, udhaifu wa ghafla wa upande mmoja, maumivu makali ya kifua au kushindwa kuzuia mkojo visisubiri miadi. Nenda hospitali mara moja.