Kidato cha nne, moku imeenda vibaya na usingizi hauji: jibu langu kwa mdogo wetu

Mdogo wangu, nimesoma uzi wako mara mbili. Kwa mliochelewa: binti yuko kidato cha nne shule ya kutwa, ana masomo tisa, moku (mtihani wa majaribio) kapata daraja la nne la pointi 27. Shuleni kuna pindi za ziada kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, jioni prepo (kujisomea shuleni), na katikati ya hayo anamsaidia mama yake genge la chakula. Usiku anakunywa kahawa ili asome, kisha anakodoa macho hadi alfajiri, moyo unamwenda mbio, na sasa anawaza bora asitokee kabisa siku ya mtihani. Waliojibu juu yangu wamemwambia akomae, apige msuli, amuombe Mungu. Kuomba naunga mkono. Lakini huyu mtoto kukomaa anakomaa tayari, mkimwongezea kukomaa kwingine mtamvunja.

Mimi nilifanya mtihani wa NECTA (Baraza la Mitihani la Tanzania) wa kidato cha nne 2015, shule ya kata wilayani Kilosa. Kwetu kulikuwa mbali na shule, kwa hiyo mimi na wenzangu wawili tulipanga geto, yaani chumba cha kukodi karibu na shule. Ukiishi geto unajua kabisa kwamba mwanafunzi hachoshwi na vitabu peke yake. Kuna maji, kuna kuni, kuna foleni ya mashine ya kusaga, kuna mwenye nyumba anayegonga saa mbili usiku kuulizia kodi wakati ndiyo kwanza umefungua daftari. Halafu unafika shuleni, kila mwalimu anakupa maswali ya kwenda nayo kana kwamba yeye ndiye mwenye somo pekee. Wa Bailojia anataka arobaini, wa Uraia anataka thelathini, wa Jiografia anataka ramani. Hakuna anayejumlisha. Kujumlisha ni kazi yako wewe, na hapo ndipo nataka tuanzie, kwa sababu nadhani unasoma sana vitu ambavyo havitakusogeza.

Chukua karatasi. NECTA wanahesabu masomo saba uliyofanya vizuri zaidi, hawahesabu yote tisa. A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, F ni 5. Daraja la kwanza ni pointi 7 hadi 17, la pili 18 hadi 21, la tatu 22 hadi 25, la nne 26 hadi 33. Umesema C unayo moja tu, ya Kiswahili, na F ni mbili, Hesabu na Fizikia. Basi 27 yako ni C moja na D sita. Zile F mbili hazimo humo kabisa! Sasa pandisha D mbili tu ziwe C. Unapata C tatu na D nne, jumla pointi 25. Hilo ni daraja la tatu, na C tatu ndizo kiwango cha chini cha kufikiriwa kidato cha tano.

D inaanzia 30, C inaanzia 45. Umeandika kwamba Historia ulipata 41 na Jiografia 38. Historia unahitaji alama nne, Jiografia saba. Kiswahili tayari unacho, na masomo hayo matatu ukiyaweka pamoja ni HGK, tahasusi (mchanganyiko wa masomo ya kidato cha tano na sita) inayojulikana nchi nzima. Halafu angalia usiku wako unaishia wapi: Fizikia na Hesabu, kila siku, kwa sababu ndizo ulizofeli na ndizo zinazokutia aibu. Aibu inakupangia ratiba, mdogo wangu. Ukitoa Fizikia kwenye 12 ukaifikisha 25, jasho lote hilo bado ni F ileile, na Historia yako imebaki 41.

Sijasema uitupe Fizikia. Kama una ndoto ya chuo cha uuguzi, watakuuliza ufaulu wa Fizikia, Kemia na Bailojia, na hapo D ya Fizikia ni mali. Lakini D ni 30. Alama 30 zinatafutwa kwenye mada chache unazozielewa pamoja na maabara, huna haja ya kumeza kitabu kizima kuanzia kidato cha kwanza. Kaa na mwalimu wako wa Fizikia, mwambie waziwazi: "Mwalimu, nataka thelathini, nisome mada zipi?" Wengi hawajawahi kuulizwa hivyo, na wengi watafurahi.

Hesabu nayo ni hivyohivyo. Pepa ya Hesabu inazunguka kwenye mada zilezile mwaka hadi mwaka, ukizipanga pepa za nyuma mezani utaona mwenyewe. Sisi geto tulichagua seti, takwimu, akaunti, mfuatano na matriksi, tukakubaliana kwamba duara na umbo la dunia tutawaachia vipanga wa darasa. Mlango wetu ulikuwa wa bati, na bati linapokea chaki vizuri kuliko ubao wa shule. Jioni baada ya ugali mmoja anasimama mlangoni na swali la pepa ya nyuma, anasolvu kuanzia mwanzo hadi mwisho, wawili wengine wamekaa kitandani midomo imefungwa. Hata ukiona amekosea mstari wa pili huruhusiwi kusema hadi aandike jibu. Akimaliza ndipo anashambuliwa. Mwenzetu mmoja, ambaye Hesabu ilikuwa inamtoa machozi kweli, alikuwa anasahau kubadilisha alama ya kutoa akihamisha namba upande wa pili. Miaka mitatu mwalimu anamwekea mkasi mwekundu bila kujua tatizo ni hilo tu. Mlangoni lilionekana jioni moja, kwa sababu lilijirudia maswali yote matatu.

Kuna jambo lingine linalokula muda wenu na hamlisemi: lugha. Shule ya msingi mlisoma kwa Kiswahili, sasa karibu kila pepa mnajibu kwa Kiingereza. Kwa hiyo mtu anakaa na daftari la Historia saa tatu anakariri aya ambayo hajaielewa, asubuhi imeyeyuka, anajiona hana akili. Akili anazo. Soma mada moja, funga daftari, msimulie mwenzako kwa Kiswahili kama unamsimulia habari za mtaani: Wajerumani walifikaje, kwa nini Kinjekitile aliwaambia watu wa Matumbi maji yatawakinga na risasi, Vita vya Maji Maji 1905 hadi 1907 viliishaje. Ukishaweza kusimulia, ndipo unaandika hoja sita kwa Kiingereza chako kifupi, sentensi fupifupi, kitenzi kikae mahali pake. Msahihishaji wa Historia anatafuta hoja na maelezo yake, hatafuti ufasaha wa redioni. Mimi Historia ilipanda kwa njia hiyo, na Kiingereza changu hadi leo si cha kujivunia.

Tuje kwenye kulala, maana hapa ndipo unajiumiza zaidi.

Shuleni kwetu mwezi wa tisa mwaka ule wasichana wa kidato cha nne walianza kuanguka darasani. Mmoja akipiga ukelele, wanafuata watatu. Aliitwa mchungaji, akaitwa shehe, wazazi wakaja na dawa zao kwenye vitambaa. Sibishani na imani ya mtu. Ila aliyekuwa anaanguka kuliko wote namjua vizuri: alikuwa analoweka miguu kwenye beseni la maji baridi usiku ili asisinzie, mchana hali, jioni anashindia chai kavu. Mwalimu mmoja wa kike alimchukua nyumbani kwake Ijumaa, akampa wali na maharage, akamwambia alale. Alilala hadi Jumamosi mchana. Jumatatu akarudi darasani, na hadi tunamaliza hakuanguka tena. Wengine nao wakapungua wenyewe.

Ulichosoma kinakaa kichwani ukilala. Kahawa ya saa tano usiku inaufanya moyo uende mbio hata kwa mtu asiye na mtihani wowote, na wewe umeshaanza na hofu. Kwa hiyo sijui moyo wako ni wa mtihani au wa kahawa, na wewe pia huwezi kujua mpaka uiache. Iache wiki hii. Saa nne usiku funga daftari, lala, amka saa kumi alfajiri kama unataka muda wa ziada, kichwa kikiwa kimepoa. Ukilala ukakodoa macho, usiwashe simu. Magrupu ya WhatsApp yanayosambaza "pepa imevuja" usiku wa manane toka humo leo. Ni utapeli, na hata ingekuwa kweli, watu wamefutiwa matokeo yote kwa udanganyifu.

Sasa mama. Umeandika kwamba unaogopa kumwambia kwa sababu genge ndilo linalolipa kila kitu. Naelewa. Lakini mama anayeamka saa tisa kukanda chapati ili usome hafurahi kukuona unasinzia juu ya karai. Usimwendee na malalamiko, mwendee na mpango. Jioni mkiwa mnaosha vyombo mwambie: "Mama, nina ombi. Hadi nimalize mtihani naomba asubuhi nisije gengeni, niwahi shule. Jioni nitaosha vyombo vyote na nitachambua mchele wa kesho, Jumamosi nitakaa na wewe kutwa." Unaona, umemwachia kitu mkononi. Kama ana dada yake au jirani anayeweza kusimama asubuhi, mtaje. Na kama kumwambia mwenyewe kunakushinda, mtume shangazi au mwalimu wa malezi. Mambo ya nyumbani kwetu mara nyingi yanapita kwa mtu wa tatu, hakuna ubaya.

Geto tulipunguza kazi kwa namna hiyohiyo. Maharage yalichemshwa Jumapili kwa wingi, yanaungwa kidogokidogo katikati ya wiki. Mpishi mmoja kwa zamu, wawili wanasoma. Aliyekuwa zamu hadaiwi kusoma siku hiyo, na hilo nalo lilikuwa pumziko. Nadhani bila zamu zile tungegombana hadi kutupiana masufuria.

Kuhusu moku yenyewe: imekuonyesha mapengo, basi. Sisi mwaka mzima tulifundishwa kujihesabia GPA (wastani wa pointi badala ya madaraja), kwa sababu waliotutangulia, wa 2014, walipewa matokeo kwa mfumo huo. Tukaingia chumba cha mtihani tukijumlisha GPA zetu, halafu mwanzoni mwa 2016 ikaamriwa turudi kwenye divisheni, yaani haya madaraja, na matokeo yetu yakatoka hivyo. Watu walikuwa wamepoteza usiku mzima kubishana kuhusu mfumo ambao haukufika. Kitu pekee tulichokuwa nacho mkononi kilikuwa ni alama za kila pepa.

Hilo la kutotokea siku ya mtihani nalijibu kwa ufupi. Usipotokea hupati hata zile D sita ulizonazo tayari. D nne zinakuombea chuo cha ngazi ya cheti, na somo uliloanguka unaweza kulirudia kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mtaani kwangu hapa kuna watu wenye maduka na ofisi zao waliorudia Hesabu mara mbili.

Ila kuna sentensi moja kwenye uzi wako, ile ya "natamani nilale nisiamke". Wengine wameiruka, mimi siiruki. Kama ni uchovu tu unaongea, sawa, lakini kama mawazo hayo yanarudi, mwambie mtu mzima mmoja leo, usingoje mtihani uishe. Mama, mwalimu wa malezi, mtu wa msikitini au kanisani unayemwamini. Kama wote hao wanakushinda, piga 116, ni huduma ya simu kwa watoto, haikatwi salio, na utapokelewa na mtu wa kukusikiliza. Zahanati pia wanapokea mtu asiyelala, huhitaji kuwa na malaria ndipo uende.

Ukipata nafasi rudi hapa uweke alama zako za moku somo kwa somo, na useme unataka tahasusi au chuo gani. Nitakusaidia kuchagua mada za Hesabu, Historia na Jiografia. Kemia na Fizikia sizigusi, kuna walimu humu wanazijua, wajitokeze. Na yule mkuu aliyeandika "kizazi cha sasa ni laini", tuwekee na wewe cheti chako tukione.