Kabla hujanunua, uliza nini kinajengwa

Mkuu, shikilia hiyo pesa kwanza. Unasema unataka kuweka akiba yako yote kwenye hisa za vituo vya data kwa kuwa mahitaji ya akili unde yatapanda tu, na unauliza uingie kwa mkupuo au kidogokidogo kila mwezi. Sababu hiyohiyo ndiyo iliyonimaliza mimi 2008.

Nilinunua hisa za meli za shehena kavu. Dalali alinionyesha grafu ya China ikiagiza madini ya chuma, mstari unapanda tu, akasema meli hazitoshi. Na grafu ilikuwa ya kweli! Mei 2008 fahirisi ya Baltic Dry, kipimo cha nauli za meli hizo, ilifika 11,793. Desemba ilikuwa 663. Watu husema ni msukosuko wa kifedha. Sawa, lakini tazama kilichofuata: 2008 China iliagiza tani milioni 444 hivi za madini hayo, 2016 ikavuka bilioni moja. Mahitaji yalizidi maradufu, na bado Februari 2016 fahirisi iliporomoka hadi 290, chini kuliko wakati wa msukosuko wenyewe.

Nauli ilipokuwa juu, kila mwenye meli alikimbilia kuagiza nyingine, na benki zikakopesha. Meli huchukua miaka miwili mitatu kuundwa. Oda zilikuwa zaidi ya nusu ya meli zote za aina hiyo zilizokuwa baharini, zikaendelea kushushwa majini soko likiwa limeshakufa. Na meli ikishaundwa inabaki kazini miaka ishirini na zaidi.

Yule dalali alijua. Oda za meli si siri. Kampuni yake ilikuwa inalipwa ada kuuza hisa mpya za kampuni hizohizo, na fedha hizo zikaenda kulipia meli mpya. Yaani pesa yangu ndiyo iliyonunua meli zilizoua nauli niliyoitegemea! Mpaka leo nikikumbuka damu inachemka.

Kwa hiyo achana na mahitaji, uliza nini kinajengwa. Fungua ripoti ya mwaka, tafuta fedha zilizotumika kununua mitambo na majengo, uziweke kando ya uchakavu wa mwaka huo, yaani thamani ambayo mitambo na majengo yamepoteza kwa kuzeeka. Zikiwa mara mbili tatu ya uchakavu, na washindani wote wanafanya vilevile, kaa mbali. Kisha shuka kwenye maelezo ya hesabu, pale wanapotaja ahadi za ununuzi ambazo bado hazijalipwa. Watu wengi hawafiki huko.

Lithiamu, madini ya betri za magari ya umeme, nayo bei yake ilifika kileleni mwishoni mwa 2022, na kufikia 2024 ilishapoteza zaidi ya asilimia 80, huku mauzo ya magari hayo yakiongezeka kila mwaka.

Pesa hupatikana mtaji ukishakimbia. Kwenye chipu za kumbukumbu za kompyuta, kampuni ya Elpida ilifilisika 2012, mshindani wake Micron ikainunua 2013, wakabaki wakubwa watatu tu: Samsung, SK Hynix na Micron. Bei za chipu zikapanda tena.

Niletee hesabu hizo mbili, matumizi na uchakavu, za kila kampuni kwenye orodha yako. Tuzisome hapa kabla hujabonyeza kununua.